Si kila jambo hupimwa kwa mizani

(Mazungumzo haya yalisomwa kwanza redioni. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji wetu.)



Mwulize kijana yeyote wa mjini hobi yake ni nini, naye atakujibu bila kufikiri: kusikiliza muziki, kusoma vitabu, kusafiri na kubadilishana mawazo. Jibu hilo lina umri mkubwa kuliko kijana mwenyewe. Lilikuwa likiandikwa katika kurasa za marafiki wa kalamu za magazeti yetu, chini ya picha ndogo yenye jina, umri na sanduku la posta. Sasa mwulize swali la pili. Kitabu cha mwisho ulichosoma ni kipi? Safari ya mwisho uliyokwenda bila kuitwa na msiba, harusi au biashara ilikuwa ya wapi? Hapo utamwona anakuna kichwa.

Leo nataka tuzungumze juu ya mambo ambayo mtu huyafanya kwa kupenda tu, bila kulipwa na bila kuamriwa. Kupika, kushona, kuandika, kutembea kuona nchi, kucheza bao, kucheza ngoma. Wapo watakaosema kwamba mada hii ni nyepesi, na kwamba tunayo mazito ya kuzungumza. Nawaomba wanivumilie. Katika ukanda wetu huu, kuanzia Shinyanga na Kahama mpaka Geita, namna watu wanavyozitumia saa zao za mapumziko inaamua mengi: fedha ya nyumba inakwenda wapi, nani anachoka na nani anapumzika, na watoto wanajifunza nini kwa kututazama.

Tuanze na maneno yenyewe, maana Kiswahili chetu kina busara. Neno burudani linatokana na kuburudi, yaani kupoa, kuwa baridi. Maji ya mtungini huburudisha koo la mtu aliyetoka juani. Kupumzika nako kumetoka katika pumzi. Aliyepumzika ni yule aliyepata nafasi ya kuvuta pumzi baada ya kukimbia. Kwa hiyo lugha yenyewe inatuambia kwamba kazi humtia mtu joto na kumkata pumzi, na kwamba baada yake lazima kije kitu cha kumpoza. Hakuna mahali ambapo lugha imesema kuwa kupoa ni uvivu.

Hata hivyo, wengi wetu tunaona haya kukutwa tunafanya jambo lisiloleta fedha. Haya hiyo ina historia. Baada ya Uhuru tulifundishwa wito wa "Uhuru na Kazi". Mwaka 1983 ilikuja sheria ya Nguvu Kazi, na katika miji mikubwa watu walioonekana hawana shughuli walikamatwa wakaitwa wazururaji, kisha wakapelekwa kulima. Mwaka 2015 tukapata "Hapa Kazi Tu". Sina ugomvi na miito hiyo, kwa sababu nchi haijengwi kwa kulala. Lakini mtu aliyekulia katika sauti hizo hujifunza kwamba anayekaa chini ana kosa la kujieleza. Ndiyo maana ukimkuta mtu mzima amekaa kivulini anachonga kinyago cha kumfurahisha mjukuu, atakuwa wa kwanza kukwambia, "Aa, nilikuwa napoteza muda tu."

Msikilizaji, huo si muda uliopotea, na hata sheria inakubali hivyo. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa na Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 1948, linasema katika ibara yake ya 24 kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika na kuwa na wakati wake wa faragha, na kwamba saa za kazi lazima ziwe na mpaka. Hapa kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mpaka wa saa 45 za kawaida kwa wiki, ikaagiza mapumziko ya kila siku na mapumziko ya wiki, na ikampa mfanyakazi likizo ya mwaka yenye malipo. Waliotunga sheria hizo hawakuwa wavivu. Walijua kwamba punda anayebebeshwa mzigo bila kutuliwa hufia njiani, na mzigo wa mwenyewe hubaki hapo hapo.

Sasa tuje kwetu. Huu ni ukanda wa mizani. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na mjiolojia wa Kanada, Dk. John Williamson. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita tunaoujua leo ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Pembeni mwa migodi hiyo wapo maelfu ya wachimbaji wadogo, Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu, Mwakitolyo na kwingineko, wanaoshuka katika maduara kwa kamba na tochi. Mwezi Machi 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu mjini Geita, ambako mzigo huwekwa kwenye mizani na kusomwa hadi sehemu ndogo kabisa ya gramu. Jambo hilo lina manufaa, kwani mchimbaji anajua alichouza na Serikali inapata chake. Lakini mizani ina tabia ya kutoka sokoni na kuingia nyumbani. Mtu akizoea kuuliza kila kitu kina gramu ngapi, mwishowe atauliza hivyo hivyo juu ya saa aliyokaa akicheza na mwanawe.

Tazama maisha ya mchimbaji mdogo. Yeye si mtu wa saa nane za kazi. Anaweza kufanya kazi usiku na mchana wakati mwamba unatoa, kisha akakaa wiki tatu bila kazi kwa sababu duara limejaa maji, au matimba yamekwisha, au mwenye mashine hajaja. Kwa hiyo ana muda mwingi wa kungoja. Mara nyingi yuko mbali na nyumbani, katika kambi ya turubai na mabati, pasipo shamba, pasipo baraza la wazee, pasipo jamaa. Siku mzigo unapotoa, fedha humwingia mkononi kwa mkupuo. Je, katika kambi ile kuna nini cha kufanya na muda huo na fedha hiyo? Kuna baa. Kuna mashine za kamari zinazomeza sarafu. Kuna kibanda cha kubeti. Zamani mkeka ulikuwa kitu cha kukalia na kuzungumza, uliosukwa kwa mkono kwa siku nyingi. Leo kijana akikwambia mkeka wake umechanika, ujue ametabiri mechi kumi na moja ikamwangusha.

Ni rahisi kumhubiria kijana huyo, na mahubiri amekwisha kuyasikia. Mimi nasema kwamba mtu hakimbilii chupa kwa sababu ya kiu peke yake. Wengi huikimbilia kwa sababu jioni ni ndefu na hawakufundishwa jambo jingine la kuifanyia jioni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na muda nao, usipokuwa na la kufanyia, hupotea bila habari, tena huondoka na mali.

Wazee wa ukanda huu walilijua tatizo hilo kabla ya dhahabu, nao walikuwa na jibu lao. Mkulima wa Kisukuma alikuwa na miezi ya jasho na miezi ya nafasi. Mavuno yalipokwisha, kuanzia mwezi wa sita hivi, ulikuwa msimu wa ngoma. Mpaka leo wapo wachezaji wa vyama viwili vikubwa vinavyoshindana, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake ni karne ya 19. Vikundi viwili husimama uwanjani kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na ushindi hupimwa kwa watu: kikundi kilichovuta watazamaji wengi zaidi ndicho kilichoshinda. Kwa hiyo kila upande hutafuta mbinu mpya, wimbo mpya, vazi jipya, kichekesho kipya. Bayeye hucheza na nyoka. Wengine hutengeneza masanamu. Nao wachezaji wa bugobogobo hurusha majembe hewani na kuyadaka kwa mdundo wa ngoma.

Bugobogobo yenyewe inatufundisha jambo. Ni ngoma iliyozaliwa shambani. Watu walilima kwa pamoja, ngoma ikiwapigia hatua, wimbo ukiwaondolea uchovu, na jembe lile lile lililokuwa la kazi likawa la mchezo. Wazee hawa hawakuona kwamba furaha na kazi ni maadui. Walijua kila kimoja kina wakati wake, na kwamba wakati mwingine hukutana. Anayetaka kuyaona haya kwa macho yake aende Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, ambako Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliwaunga mkono wapenzi wa utamaduni kuanzia miaka ya 1950, na ambako leo pana Makumbusho ya Wasukuma. Kila mwaka, baada ya sikukuu ya Ekaristi Takatifu, hufanyika pale sherehe ya Bulabo, na vikundi hushindana kwa siku kadhaa.

Ukiichunguza burudani ile ya wazee utaona ina mambo manne. Ina ujuzi, yaani mtu huanza akiwa hajui na kuendelea mpaka akajua. Ina wenzake, kwani hakuna anayecheza ngoma peke yake. Ina wakati wake unaojulikana. Na haina bei mlangoni. Hata bao, ambalo Wasukuma huliita isolo, lina sifa hizo hizo. Mashimo ardhini na kokoto mkononi, watu wawili wanapigana vita bila damu, na kumi wamewazunguka wakitoa ushauri ambao hawakuombwa. Weka sifa hizo nne kando ya mashine ya kamari, uone ni ipi utakayoikuta pale. Ujuzi hakuna, mwenzako ni chuma, wakati ni wowote, na bei inalipwa kila dakika.

Najua msikilizaji wa mjini ataniuliza: "Sasa wewe wataka mimi, karani wa Kahama, nikacheze na nyoka?" La hasha. Zipo burudani za kila siku zinazofaa nyumba zetu, na nitataja nne.

Ya kwanza ni kupika. Wengi watacheka, kwa sababu kwao kupika ni zamu ya mtu fulani na haiwezi kuwa starehe. Lakini tofautisha kupika kwa kulazimika, saa mbili usiku, watoto wanalia, na kupika Jumapili kwa kuchagua, ukiwa na nafasi ya kuonja na kurekebisha. Chukua mfano wa michembe na matobolwa, vyakula vyetu vya akiba. Michembe hutokana na viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa vikiwa vibichi mpaka vikauke. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa. Tofauti ni hatua moja tu, lakini ladha ni mbili na matumizi ni mawili: michembe hurudi chunguni, na wengine huipika na karanga, na matobolwa huliwa vivyo hivyo, pamoja na chai au kwa kutafuna njiani. Akina mama waliobuni jambo hili walikuwa wakiikabili njaa ya kiangazi cha Shinyanga, na walilifanya kwa ufundi ambao mtu anaweza kuutumia mwezi mzima kujifunza. Jaribu kuanika vipande vinene na vyembamba, kwenye mwamba na kwenye kichanja, uone nini kinabadilika. Hiyo ni burudani, na mwishoni inaliwa.

Ya pili ni kushona na kufuma. Nani kati yetu hakukulia katika nyumba yenye vitambaa vya kufuma juu ya makochi, juu ya redio, hata juu ya mtungi wa maji? Vilifumwa kwa kulabu na uzi, barazani, huku mazungumzo yakiendelea. Mashuka yalidariziwa maua na ndege, na foronya zikaandikwa maneno ya mapenzi. Siku hizi vitambaa vya kiwandani ni rahisi, na wengi wameiacha sindano. Ukihesabu kwa shilingi, wana haki. Lakini anayefuma hapati kitambaa peke yake.

Mwanasaikolojia mmoja mzaliwa wa Ulaya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago, Mihaly Csikszentmihalyi, na mnisamehe kama jina lake nimelitamka vibaya, alitumia miaka mingi kuchunguza ni wakati gani watu huwa na raha ya kweli. Aliwauliza wachezaji wa sataranji, wapanda milima, wachoraji na mafundi. Kitabu chake cha mwaka 1990 kilieleza kwamba raha hiyo huja wakati mtu anafanya jambo lenye ugumu unaolingana na ujuzi wake. Likiwa rahisi mno, anachoshwa. Likiwa gumu mno, anaingiwa na wasiwasi. Likilingana, na akawa anaona papo hapo kama amepatia au amekosea, mawazo yote hukusanyika pale, saa hupita bila yeye kujua, na akinyanyuka anajisikia mwepesi. Mama anayehesabu matundu ya kitambaa anayajua hayo bila kusoma kitabu cha Chicago. Ukikosea tundu moja, ua zima linapinda. Ukipatia, unaliona likichanua mkononi mwako.

Ya tatu ni kuandika. Hapa nitawataja watu wawili wa Kanda yetu ya Ziwa. Aniceti Kitereza aliishi Ukerewe. Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na kizazi chao. Hakupata wa kuichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukikamilisha. Mwaka uliofuata, 1981, mzee huyo akafariki. Fikiri juu ya miaka hiyo 35. Kama angekuwa anaandika kwa kutazama malipo, angekata tamaa mapema na karatasi zile zingefungiwa maandazi. Aliandika kwa sababu aliipenda lugha yake na aliona mila za watu wake zinasahaulika. Leo kitabu hicho kinahesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za fasihi ya Kiafrika.

Wa pili ni Mwalimu Julius Nyerere, wa Butiama. Mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa, alitoa tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Mwaka 1969, nchi ikiwa katika shughuli nzito za Azimio la Arusha, akatoa Mabepari wa Venisi. Hakuna aliyemwagiza, wala hayakuwa majukumu ya Ikulu. Hivyo basi, anayesema hana muda wa kuandika hata nusu ukurasa kwa wiki, ajilinganishe kidogo na ratiba ya Mwalimu.

Nasi hatuhitaji kuandika vitabu. Nunua daftari. Andika majina ya babu zako mpaka pale kumbukumbu ya ukoo inapoishia. Andika methali za bibi kwa Kisukuma, kwa Kisumbwa au kwa Kizinza, na maana zake. Mchimbaji na aandike duara lilianza lini, lilitoa nini, nani alikuwepo. Wasikilizaji wa zamani wanakumbuka kadi za salamu: watu walijaza kadi, wakazituma redioni, wakasalimiana kutoka Maswa hadi Masasi, na wengine wakaja kutembeleana baada ya miaka ya kusikiana majina tu. Huo nao ulikuwa uandishi, na uliwapa watu ndugu wasiowatarajia.

Ya nne ni kusafiri. Tunadhani kusafiri ni kwa wenye nacho, au kwa wageni waliovaa kofia pana. Lakini kuna safari za nauli ya basi dogo. Mtu wa Shinyanga anaweza kutoka asubuhi na kurudi jioni akiwa amejua kwa nini sehemu kubwa ya mkoa wake ilibaki bila miti. Miti mingi ilikatwa ili kuwafukuza mbung'o, na Old Shinyanga palikuwa makao ya utafiti wa mbung'o enzi za Waingereza. Kisha pamba na mifugo vikaongeza ukataji. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliowarudisha wananchi kwenye desturi yao ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho na kuliacha lipumzike ili majani na miti iote tena. Nenda ukaone ngitili. Utaona ardhi nayo, ikipumzishwa, hurudisha uhai.

Wa Geita naye ana Rubondo, kisiwa kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Katika miaka ya 1960 walipelekwa huko sokwe waliokuwa wamefungiwa Ulaya, wakaachiwa msituni, na kizazi chao kipo mpaka sasa. Hata njia ya kutoka Geita kwenda Mwanza imebadilika. Kwa miaka mingi tulingoja kivuko pale Busisi. Tangu Juni 2025 tunapita juu ya daraja la kilomita 3 hivi, tukiliangalia Ziwa kushoto na kulia. Wapo wanaolivuka kila wiki wakitazama simu. Wenye kupenda kusafiri hufungua dirisha.

Sasa nifike kwenye maneno mawili magumu.

La kwanza ni lile swali linaloua burudani zetu nyingi: "Kwa nini usiuze?" Mtu akipika vizuri, anaambiwa afungue mgahawa. Akishona, afungue duka. Akiimba, arekodi. Nia ni njema, na wapo waliojipatia riziki kwa njia hiyo, sitamzuia mtu. Lakini ijulikane kwamba kitu kikishakuwa mradi, kinapata mteja, deni, tarehe na lawama. Mama aliyekuwa akifuma ili kupoa, sasa anafuma ili kuwahi oda, naye inabidi atafute mahali pengine pa kupoea. Kwa hiyo anayetaka kuuza na auze, ila abakize kitu kimoja ambacho hakina bei. Katika nchi ya mizani, kila mtu anahitaji angalau jambo moja lisilopandishwa kwenye mizani.

La pili ni zito zaidi. Nani anapata nafasi ya kuburudika? Baba akitoka kazini anakwenda kijiweni, anacheza bao, anatazama mpira, anarudi chakula kikiwa mezani. Mama ametoka shambani, au sokoni, au kwenye kuponda mawe, na akifika nyumbani zamu ya pili ndiyo inaanza: maji, kuni, jiko, watoto, mgonjwa. Akishika kulabu ya kufumia, mkono mwingine umeshika mtoto. Hata burudani yake imejificha ndani ya kazi, ili asionekane amekaa. Tukisema kwamba kupumzika ni haki ya kila mtu, basi haki hiyo haiishii mlangoni pa nyumba. Saa mbili za mama kwa wiki, ambazo hakuna anayemwita, hazishuki kutoka mbinguni. Ni mtu mwingine anayezibeba, na mtu huyo anaitwa baba, au kijana wa kiume aliyekaa sebuleni na simu. Akina baba, nilianza na kupika kwa makusudi. Jikoni mnakaribishwa, na ufundi wake si haba.

Mtauliza, haya yote yanajenga nini? Nawapa mfano wa mwisho. Hapa Shinyanga tuna timu inayoitwa Stand United. Jina lake limetoka stendi ya mabasi. Ni mpira wa watu wa stendi, waliokuwa na shughuli zao za magari na abiria, na mapenzi yao yalikua mpaka timu ikapanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15. Leo nani angekumbuka siku moja ya tiketi zilizouzwa pale stendi? Lakini timu inakumbukwa.

Basi, msikilizaji, nakupa kazi ya wiki hii, nayo haina malipo. Chagua jambo moja tu. Likiwa ni kupika, chagua chakula kimoja ambacho hujawahi kukipika, umwulize anayekijua. Likiwa ni kushona, sindano na uzi havitakufilisi. Likiwa ni kuandika, ukurasa mmoja. Likiwa ni safari, iwe ya kwenda na kurudi siku ile ile. Litengee saa yake, uwaambie wa nyumbani kwamba saa hiyo ni yako, na uwaulize nao saa yao ni ipi ili uwalindie. Usitegemee kulijua wiki ya kwanza. Viazi vya kwanza vitaota ukungu, ua la kwanza litapinda. Endelea.

Na kama mtu atapita akuulize unapata nini hapo, mwambie unavuta pumzi.

Tukutane wiki ijayo, majaliwa.